Jina langu liko kwenye makala yenye vijiji ambavyo hatukufika. Nimjibu mhariri?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Uyole, Mbeya, ingawa jambo lenyewe lilianzia Iringa. Mimi ni binti wa miaka 27, nina shahada ya kwanza ya lishe. Baada ya chuo nilikaa nyumbani bila kazi, hadi mwalimu wangu wa zamani, ambaye nitamwita Dokta, aliponichukua kuwa msaidizi wa utafiti kwenye mradi wake wa udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano wilayani Kilolo. Mtu huyu amenisaidia sana. Alinilipa kwa wakati, akanifundisha kuchambua takwimu, na mama alipolazwa alinitumia nauli bila kuniuliza nitairudisha lini.

Tulipangiwa vijiji 8. Tuliingia fildi mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto. Vijiji 5 tulivimaliza vizuri. Tuliwapima watoto urefu na uzito, tukawahoji mama zao kwa dodoso lililokuwa kwenye vishikwambi. Vijiji 3 vya upande wa milimani hatukufika. Gari lilikwama kwenye tope, tukalala kwa mwenyekiti wa kijiji cha jirani, na asubuhi Dokta akapiga simu akasema turudi mjini, hela ya mafuta imekwisha, tutavimalizia kiangazi. Mimi sikuitwa tena. Kwa kumbukumbu zangu tulikuwa tumepima watoto 250 hivi.

Mwaka jana Dokta alinitumia ujumbe wa pongezi pamoja na kiungo cha makala iliyotoka kwenye jarida la nje. Waandishi tuko wanne, jina langu ni la tatu. Rasimu sikuwahi kuonyeshwa. Hata hivyo nilifurahi mno, nikaiweka kwenye CV na kuitumia kuombea masta.

Siku chache zilizopita imekuja barua pepe ya mhariri wa jarida, imetumwa kwetu sote wanne. Inasema kuna mtu ameliandikia jarida kwamba idadi ya watoto ina mashaka na kwamba katika faili la vipimo lililoambatanishwa na makala kuna mistari inayojirudia. Mhariri anamtaka kila mwandishi aeleze sehemu aliyofanya, na anaomba data ghafi. Ndipo nikaisoma makala mstari kwa mstari. Imeandikwa vijiji 8 vyote vilifikiwa, watoto 412, na tarehe za ukusanyaji ni zile zile za mwezi wa tatu.

Dokta alinipigia siku hiyo hiyo. Kwanza aliniuliza kama mimi ndiye niliyepeleka maneno. Nilimwapia kwamba si mimi. Akasema nisijibu kitu, yeye atajibu kwa niaba ya wote. Kisha akabadilisha, akaniandikia sentensi moja ya kumtumia mhariri: kwamba nathibitisha nilishiriki kukusanya data katika vijiji vyote na nakubaliana na maelezo ya mwandishi mkuu. Tangu hapo ananipigia kila siku kuuliza kama nimeshatuma. Yeye ndiye anayetakiwa kuniandikia barua ya mapendekezo ya masta, na mwisho wa kuipokea ni mwezi ujao.

Kaka yangu anasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Rafiki yangu niliyekuwa naye fildi, ambaye ni mwandishi wa nne, anasema tumwage kila kitu kwenye makundi ya WhatsApp ya wanalishe ili watu wajue. Mama sijamwambia, ana presha. Zimebaki siku 9 tu kabla ya tarehe aliyoweka mhariri. Nikinyamaza nitakuwa na kosa? Nikisema, si nitakuwa nimemmaliza mtu aliyenishika mkono? Au niombe tu jina langu liondolewe?

Mwandishi wa Tatu,
Uyole, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lililo la haraka. Sentensi aliyokuandikia Dokta usiitume. Hata kama hutashika jambo jingine lolote nitakalosema hapa, shika hilo. Mpaka leo wewe ni mtu ambaye jina lake liliwekwa kwenye makala asiyoiona. Siku utakayoituma sentensi ile utakuwa umemwandikia mhariri, kwa mkono wako na kwa barua pepe yako, jambo unalojua si kweli. La kwanza ulitendewa. La pili utakuwa umelitenda, na hakuna mwalimu, kaka wala mshauri atakayeweza kukutoa humo baadaye.

Sasa tulia, tuiangalie hiyo barua ya mhariri. Si hati ya mashtaka. Majarida mengi ya kitaaluma hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza mwaka 1997, na miongozo hiyo inamtaka mhariri aanze kwa kuuliza. Tuhuma ikija, hata kutoka kwa mtu asiyetaja jina, mradi iwe na mambo mahususi yanayoweza kukaguliwa, mhariri huwaandikia waandishi aombe maelezo na data. Maelezo yakitosheleza, jambo linaishia hapo. Yasipotosheleza, au wasipojibu, anaiandikia taasisi ya waandishi na kuiomba ichunguze. Analazimika kufanya hivyo kwa sababu jarida halina uwezo wa kuja Iringa kufungua kompyuta za watu na kumuuliza dereva gari lilikwama wapi. Chuo kina uwezo huo.

Kwa hiyo kunyamaza hakukupi kivuli. Mhariri aliandika kwa waandishi wote wanne kwa makusudi, kwa kuwa anajua mwandishi mkuu hawezi kuwasemea wenzake juu ya walichokiona kwa macho yao. Akipata jibu moja na watatu kimya, atauliza tena, na safari hiyo barua huenda ikapitia kwa mkuu wa taasisi.

Umeuliza kama una kosa. Nitakujibu kwa kipimo kinachotumiwa na majarida mengi ya tiba na afya, kile cha kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Ili mtu aitwe mwandishi anatakiwa atimize masharti manne yote. Awe amechangia kwa uzito katika kuubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Awe ameshiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa undani. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa usahihi wa kazi nzima. Wewe ulitimiza la kwanza, tena kwa jasho. La pili na la tatu ulinyimwa. Aliyekunyima amekukosea, ingawa alikupa kama zawadi, na najua hakuna mtu wa umri wako anayepewa zawadi ya namna ile akaanza kuuliza masharti. Desturi ya kuwekana majina kama shukrani imeota mizizi vyuoni kwetu, na inaniuma, kwa sababu wanaokuja kuulizwa mambo magumu ni vijana wa mwisho kwenye orodha ambao hawakuona hata ukurasa mmoja. Lakini sharti la nne limeshakufikia. Jina lipo, swali limekuja, na mwenye kuulizwa ni wewe.

Kabla hujajibu, tenganisha unachokijua na unachokihisi. Unajua kwamba mwezi wa tatu mlifika vijiji 5. Unajua kwamba 3 hamkufika, na kwa nini. Unajua idadi ya watoto kwa makadirio. Hujui kilichotokea baada ya hapo. Inawezekana Dokta alipeleka timu nyingine kiangazi, kisha akakosea kuandika tarehe. Inawezekana aliunganisha data zenu na za mradi mwingine bila kueleza. Inawezekana fomu zilijituma mara mbili mtandao uliposumbua, jambo linalotokea sana kwenye vishikwambi vya fildi. Hilo la mwisho lingeweza kueleza mistari inayojirudia na hata idadi kuongezeka, ila halielezi vijiji 3 vya milimani. Na inawezekana, ndiyo, kwamba namba zilipikwa.

Duniani kote udanganyifu katika utafiti hutajwa kwa mambo matatu: kubuni data ambazo hazikuwepo, kuchakachua zilizopo, na kuiba kazi au maneno ya mwingine. Sera ya serikali ya Marekani ya mwaka 2000, ambayo imeigwa na wengi, inasema wazi kwamba kosa la bahati mbaya na tofauti ya maoni havimo. Ndiyo maana nakusihi, katika barua yako kwa mhariri neno "kupika" lisionekane, wala "kughushi". Wewe ni shahidi wa safari moja ya fildi. Hukumu ina watu wake.

Na ukweli wa safari ile haumo kichwani mwako peke yako, jambo ambalo nadhani hofu imekusahaulisha. Timu ya utafiti ikiingia kijijini inaripoti kwanza kwa mtendaji, na mtendaji ana kitabu cha wageni. Mlisaini. Katika vile vijiji 3, kama hakuna aliyefika, kitabu hakina kitu, na kama timu nyingine ilifika kiangazi, itakuwa imesaini na tarehe ipo, na hilo litamsafisha Dokta vizuri kuliko sentensi yoyote. Kuna karatasi za posho mlizotia sahihi. Kuna kitabu cha safari cha gari. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyewazungusha nyumba kwa nyumba. Vishikwambi hurekodi saa fomu ilipofunguliwa na ilipofungwa, na mara nyingi mahali pia. Na kwa kuwa huu ni utafiti wa afya, ulihitaji kibali cha maadili. Vibali vinavyotolewa kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huja na masharti, na miongoni mwake ni kutoa taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, ambayo hufika pia kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya. Kama taarifa iliandikwa, ilitaja vijiji vilivyofikiwa.

Hata namba zenyewe husema. Wewe umepima watoto, unajua: wa chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao, wakubwa husimama, na urefu husomwa hadi milimita. Wapimaji wakiwa makini, tarakimu ya mwisho huangukia popote kati ya 0 na 9, bila moja kupendelewa. Wakichoka, 0 na 5 huwa nyingi. Mtu akizitunga mezani, mkono wake nao una mazoea yake, na watoto wawili wa vijiji viwili hujikuta wana umri, urefu na uzito uleule kwenye mistari kadhaa. Wachambuzi wana njia za kuyaona haya, na huenda aliyeliandikia jarida aliyaona akiwa mbali, bila kumjua yeyote kati yenu. Usihangaike kumtafuta ni nani, na Dokta akikuuliza tena, mwambie hujui na hutaki kujua.

Sikutumi ukayakusanye yote hayo. Ushahidi wa ofisi za watu uache kwa wenye mamlaka ya kuuomba. Kazi yako ni kumwambia mhariri kwamba upo. Vilivyo vyako halali ndivyo uvihifadhi leo hii, mahali pawili tofauti: daftari lako la fildi, ujumbe wa kundi la timu, ujumbe wa Dokta wa pongezi na ile sentensi, tiketi za basi kama zimebaki. Andika pia ukurasa mmoja wa matukio kwa tarehe unavyoyakumbuka, ukitaja palipo na uhakika na palipo na makadirio. Usifungue akaunti ya mradi kwa nywila ya zamani, hata kama bado inakubali, maana utakuwa umeingia usipotakiwa na kesho utaambiwa wewe ndiye uliyegusa data. Na majina ya watoto, simu za mama zao au mahali nyumba zilipo visitoke mikononi mwako kwenda kwa mtu yeyote, mhariri akiwemo. Mama wale walikupa taarifa zao kwa ridhaa ya utafiti ule tu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hapo ndipo ninapomkataa rafiki yako moja kwa moja. Kumwaga mambo kwenye makundi ya WhatsApp kutakuridhisha jioni moja. Asubuhi yake kila aliyehusika atakuwa ameshajipanga na maelezo yake, uchunguzi utakuwa umeharibika, na wewe utakuwa umemtangaza mtu kuwa mdanganyifu kabla hajasikilizwa. Ikitokea kwamba timu ya pili ilikwenda kiangazi, utafanya nini? Maneno yaliyosambaa hayarudi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Hata pasipo sheria, Dokta anastahili haki ya kujibu mbele ya watu wanaoelewa swali.

Kuna vijana waliowahi kusimama pagumu kuliko hapo ulipo. Uholanzi, mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Tilburg, watafiti chipukizi watatu waligundua kwamba data za profesa wao, Diederik Stapel, haziendani na uhalisia. Alikuwa mkuu wa kitivo, mtu wa kuogopwa na kupendwa. Hawakwenda magazetini. Walikusanya walichokiona, wakampelekea mkuu wa idara. Chuo kilimsimamisha Stapel mwaka huo huo, na hatimaye makala zake zaidi ya 50 zilibatilishwa. Kamati zilizochunguza zilimaliza kazi mwaka 2012, na zikaona kwamba waandishi wenza hawakujua kilichokuwa kikifanyika. Wanafunzi wake walikuwa wameandika tasnifu kwa data zake, wakiamini ni za kweli. Wewe pia hukujua. Tofauti ni kwamba sasa unajua kuna swali, na unaombwa uthibitishe usilolijua.

Kuhusu kuondoa jina. Naelewa hamu hiyo, lakini haifanyiki hivyo. Makala ikishachapishwa, jina haliondolewi kimyakimya. Jarida litataka sababu na litawauliza waandishi wengine, na katikati ya uchunguzi mhariri makini hatalifanya kabisa, kwa kuwa ingeonekana mtu anakimbia. Kinachowezekana ni msimamo wako kuandikwa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyowatia watu hofu ya chanjo ya surua. Waandishi walikuwa 13. Mwaka 2004, 10 kati yao walichapisha tamko la kuikana tafsiri ile, miaka 6 kabla jarida lenyewe halijaibatilisha makala mwezi wa pili 2010. Majina yao bado yanaonekana juu ya makala ile, na walichokitenda nacho kinaonekana.

Sasa kuhusu Dokta. Mtu aliyekutumia nauli mama akiwa wodini hastahili kulisikia jibu lako kwanza kutoka kwa mhariri. Ukishahifadhi vitu vyako, mwandikie, tena leo au kesho, usimpigie. Andika kwa heshima, na kwa maneno yako mwenyewe, kitu kama hiki:

"Shikamoo Dokta. Nimeipata sentensi uliyonitumia, ila siwezi kuituma kwa sababu mwezi wa tatu mimi nilifika vijiji 5 tu. Naomba unisaidie kuelewa mambo matatu: vijiji 3 vilivyobaki vilifikiwa lini na nani, watoto 412 wametokana na safari zipi, na kama naweza kuona data ghafi niliyoikusanya. Nitamjibu mhariri mwenyewe kabla ya tarehe aliyoweka, na nitaeleza sehemu yangu tu. Nashukuru kwa yote uliyonifanyia."

Akipiga simu, pokea, msalimie, umsikilize, kisha umwombe ayaandike. Akikujibu kwa maelezo na vielelezo, nitafurahi kuliko mtu yeyote. Akikutishia, utunze ujumbe huo pamoja na ile mingine, na usijibizane.

Barua ya mhariri utaiandika kwa Kiingereza, ila isizidi ukurasa mmoja. Mweleze kwamba ulikuwa msaidizi wa utafiti, ulipima watoto na kuhoji mama katika vijiji 5 mwezi wa tatu. Mwambie timu uliyokuwa nayo haikufika vijiji 3 kwa sababu ya barabara, na kwamba kwa kumbukumbu zako watoto mliowapima ni 250 hivi. Mweleze hujui kama kulikuwa na safari nyingine. Mwambie rasimu hukuonyeshwa, hukushiriki uchambuzi na hukuombwa idhini kabla ya kuchapishwa. Mtajie kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa: vitabu vya wageni, karatasi za posho, saa za fomu, taarifa za maendeleo. Data ghafi mwambie huna mamlaka ya kuitoa, iko kwa mwandishi mkuu na chuo. Mweleze pia kwamba umeombwa kuthibitisha jambo usilolishuhudia na umekataa. Nimelifikiria sana hili la mwisho, maana ndilo litakalomuumiza Dokta, lakini ukilificha na likajulikana baadaye, barua yako yote itatiliwa shaka. Malizia kwa kumwomba ayashughulikie maelezo yako kwa siri kadiri anavyoweza.

Unaogopa kwamba utakuwa umemmaliza. Miongozo ya COPE inasema lengo la kubatilisha makala ni kusahihisha kumbukumbu za kisayansi, kumwadhibu mwandishi si lengo lake. Mwezi wa kwanza 2020, Frances Arnold, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2018, alitangaza hadharani kwamba ameibatilisha makala yake kwa kuwa matokeo hayakuweza kurudiwa, na bado anaheshimiwa. Dokta naye ana mlango huo mpaka leo. Anaweza kumwandikia mhariri kwamba vijiji 3 havikufikiwa, haya ndiyo matokeo ya vijiji 5, naomba makala isahihishwe au ibatilishwe. Atapata aibu, lakini ataendelea kuwa mtafiti. Kinachomfungia mlango huo ni zile sentensi anazowaandikia vijana wazitume.

Na kuna watu ambao hawamo kabisa kwenye barua pepe za mhariri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 30 kwa Tanzania nzima. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, juu kuliko mikoa yote, ikifuatiwa na Njombe kwa 50.4. Tunalima mahindi, maharage, viazi na parachichi, na zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Hizi ndizo namba zinazoamua wahudumu wapelekwe wapi na fedha za lishe za halmashauri ziende kata gani. Vijiji vitatu vya milimani ambavyo gari halifiki mwezi wa tatu ndivyo ambavyo pia mama hafiki zahanati mwezi wa tatu. Makala sasa inasema watoto wa huko wamepimwa. Atakayepanga utafiti au mradi mwingine Kilolo ataisoma, ataona kule kumeshafanyiwa kazi, na ataelekea kwingine. Mimi hilo linaniumiza kuliko hatima ya mwandishi yeyote kati yenu wanne.

Wafikirie pia wale 250. Mama zao waliwavua watoto nguo kwenye baridi ya Kilolo ili mpate kipimo sahihi. Makala ikianguka yote kwa pamoja, vipimo vyao vya kweli vitaanguka nayo. Ushahidi wako kwamba vijiji 5 vilifanywa vizuri ni sehemu ya kuiokoa kazi yao, kwa hiyo uandike hilo nalo kwa uzito uleule.

Kaka yako anakupenda na anaogopa kwa ajili yako. Gharama anayoihofia ipo. Huenda Dokta asikuandikie mapendekezo, na huenda mlango mmoja wa kazi Iringa ukafungwa. Kwa hiyo wiki hii, bila kusubiri matokeo ya lolote, tafuta walimu wengine wawili watatu walioufahamu uwezo wako darasani, waombe barua, na uwaandikie watu wa udahili kwamba unabadilisha mdhamini. Si lazima ueleze sababu. Makala ile itoe kwenye CV yako kwa sasa, na ukiulizwa kwenye usaili, sema kuna maswali juu ya data, uliyajibu kwa jarida, na unasubiri uamuzi. Mtafute pia mtu mzima mmoja chuoni mnayeheshimiana, hasa aliye kwenye kurugenzi ya utafiti au kamati ya maadili, umweleze kwa faragha kwamba barua kama hii imekuja na umejibu. Chuo kikija kuulizwa, isiwe ndiyo mara ya kwanza jina lako kusikika.

Mambo haya hayaishi haraka. Uchunguzi wa chuo unaweza kuchukua miezi mingi, na kabla ya mwisho jarida linaweza kuweka juu ya makala tahadhari kwa wasomaji. Ukiona hivyo usishtuke wala usimwandikie mhariri kila wiki. Kama siku 9 hazikutoshi kwa sababu unasubiri majibu ya Dokta, muombe mhariri wiki moja ya nyongeza. Wahariri huombwa hivyo mara kwa mara.

Rafiki yako naye ameulizwa, kwa kuwa ni mwandishi wa nne. Mshawishi aachane na WhatsApp na ajibu kwa anwani yake mwenyewe, alivyoona yeye. Barua zenu msionyeshane kabla hazijatumwa zote mbili.